Bibi Hayupo Kilabuni

Kila aliyekulia kwenye Kiswahili anaijua ile kanuni ya kufungulia hadithi. Msimulizi anaita: hadithi, hadithi! Watoto wanaitikia: hadithi njoo. Na wengine wanaongeza: uongo njoo, utamu kolea. Nimekuwa nikiifikiria sana hiyo "uongo njoo". Ni watu gani hawa wanaoukaribisha uongo kwa sauti kubwa, tena wote kwa pamoja, tena kwa hamu? Nadhani ni watu waliowekeana mkataba. Anayesimulia anasema wazi kwamba anakwenda kudanganya, na anayesikiliza anakubali kudanganywa mpaka hadithi iishe. Kesho yake asubuhi hakuna anayekwenda porini kumtafuta yule sungura aliyemshinda simba, wala hakuna anayemshitaki babu kwa kusema uongo.

Sasa nenda kilabuni. Nazungumzia vilabu vya pombe vya kwetu Magu, vile vya nyuma ya gulio, mabenchi ni magogo, pombe ya mtama iko kwenye ndoo na kopo linazunguka. Lakini hata baa zilizopangana kwenye barabara kuu ya kwenda Musoma, zenye Balimi ya baridi na runinga ya mpira, hazitofautiani sana kwa hili ninalotaka kulisema. Kule vinasimuliwa visa vingi kuliko mahali pengine popote ninapopajua, na vingine ni vitamu mno. Lakini hutasikia mtu akisema "hadithi njoo". Kisa kinaanza hivi: "Nyie, mmesikia yaliyotokea ng'ambo ya Simiyu?" Na wote wanageuka.

Hapo hakuna mkataba. Hakuna aliyesema kama kinachokuja ni kweli au ni uongo, na utamu wenyewe unatoka hapohapo, kwenye kutojua. Mimi naupenda utamu huo, nisijifanye. Lakini kuna swali linalonisumbua kila nikitoka huko: msimulizi wa kilabuni anadaiwa nini na yule anayesimuliwa, ambaye hayupo pale kujijibia?

Ningeweza kuliacha swali hili kwa wanafalsafa. Plato alitaka washairi watolewe kwenye mji wake kwa sababu ya uongo wao, na wasomi wamebishana naye kwa zaidi ya miaka 2,300 bila haraka yoyote. Usukumani hatuna nafasi hiyo, kwa sababu kwetu swali hili lina makaburi. Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kwa kirefu juu ya mauaji yanayotokana na tuhuma za uchawi. Kwa hesabu za serikali anazozijadili, kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo. Zaidi ya nusu waliuawa huku Usukumani, na wengi wao walikuwa wanawake, hasa wazee. Baada ya 1984 mauaji hayakukoma. Yeyote aliyekulia mikoa ya Mwanza na Shinyanga anajua alama iliyokuwa inatajwa: macho mekundu.

Macho mekundu yana sababu yake, na haina siri. Kwetu miti ilipungua zamani. Mama anapikia mabua ya mahindi, mabua ya pamba, na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake mkali, na nyumba nyingi za zamani hazikuwa na pa kuutolea. Kaa na moshi huo miaka arobaini, ukiwapikia wanao, halafu wajukuu, uone macho yako yatakuwaje. Kwa hiyo mtu anahukumiwa kwa alama aliyoipata akiwalisha wanaomhukumu.

Na kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa sana. Moto ule uliompa bibi macho mekundu ndio uleule aliokuwa anatusimulia hadithi akiwa ameuelekea.

Boma la Kisukuma lilikuwa na mioto miwili. Nje uani kulikuwa na shikome, moto wa wanaume, wa mavi ya ng'ombe yanayofuka taratibu mpaka usiku. Pale babu alikaa na wavulana, na mazungumzo yalikuwa ya ng'ombe, ya koo, ya nani alihama kutoka wapi, ya Ng'wanamalundi wa Usmao aliyecheza ngoma mpaka Wajerumani wakamwogopa na kumkamata, mtu ambaye inasimuliwa kwamba akiunyooshea mti kidole unakauka. Ndani ya nyumba kulikuwa na moto wa pili, wa jikoni, na huo ulikuwa wa bibi. Wasichana wote na watoto wadogo wote walikuwa wake. Wavulana tulianza kwa bibi, na tulipopata akili kidogo tukahamishiwa kwa babu. Maana yake ni kwamba hakuna mwanaume wa Kisukuma wa rika la baba yangu ambaye hadithi yake ya kwanza hakuipata kwa mwanamke mzee mwenye macho yanayotoka machozi kwa moshi.

Shikome ilizimika kwa sababu nyingi, na sina haja ya kuzililia zote hapa. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilivunja maboma na kuzipanga nyumba mstari. Watoto wakaenda shule, wengine bweni. Ikaja redio, ikaja runinga, sasa kila mtu ana shikome yake ndogo mkononi inayotoa mwanga wa buluu. Wanaume watu wazima walipokosa moto wa uani walitafuta mahali pengine pa kukaa jioni, wakapapata. Babu akahamia kilabuni na visa vyake. Bibi akabaki jikoni, na wajukuu wanaangalia tamthilia.

Utaniambia kwamba wanawake wapo vilabuni: wao ndio wanaopika pombe na kuiuza, na wapo bibi wanaokunywa kuwashinda waume zao. Ni kweli kabisa. Lakini kaa uangalie nani anapewa nafasi ya kusimulia kisa kirefu mpaka mwisho bila kukatizwa. Mimi nimekaa nikaangalia. Bibi aliyekuwa msimulizi wa kwanza wa kila mmoja wetu, kule kilabuni amekuwa kisa. Anasimuliwa.

Sitaki uelewe kwamba nalaumu pombe. Hapa ng'ambo ya Ghuba ya Speke, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe riwaya aliyoimaliza mwaka 1945 na kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafa. Ni habari ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Mke anachukuliwa na wazazi wake, na mume, ili arudishiwe, anatakiwa apeleke kwa wakwe pombe ya ndizi. Sehemu kubwa ya kitabu kile ni watu wanaokunywa na kuzungumza kwa adabu ya ajabu: nani anaanza kuonja, nani anasema kabla ya nani, neno gani halisemwi mbele ya mkwe. Pombe pale ni faini na ni upatanisho. Wanaozungumzwa wapo. Mkwe akitoa lawama, mkwe anayelaumiwa ameketi hatua tatu kutoka kwake na anayo kata mkononi.

Hali kadhalika utani wetu. Mtani anaweza kukuita mwizi wa mbuzi mbele ya maiti ya baba yako na ukacheka, kwa sababu amekuambia wewe, usoni, na watu wanajua ni mtani. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wametukanana kwa nyimbo tangu karne ya 19, kundi hili likiimba kulikabili lile, na yule anayetukanwa anasubiri zamu yake ajibu. Nikiangalia haya yote naona wahenga wetu hawakuwa na shida na uongo, wala na matusi, wala na chumvi. Kote huko walihakikisha jambo moja: anayesemwa awe na nafasi ya kujibu, au awe sungura.

Ngoja nitoe mfano wa kisa chenyewe. Kuna hadithi ya Kisukuma ambayo karibu kila mtu wa kwetu ameisikia, ya Shing'weng'we na Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa dunia na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina la mtu mwenye akili ya kuelewa haraka. Mtoto akauliza: mama, watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Basi kijana akaanza kwenda kuwinda. Siku ya kwanza akarudi na panzi: mama, nimemuua Shing'weng'we! Mama akasema, hapana mwanangu, huyo ni panzi, tukaange tule. Akarudi na ndege. Akarudi na swala. Mpaka siku akakutana nalo lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka na ng'ombe wao na baba yake akiwemo.

Lakini kisu kilipopita, kilikata sikio la bibi mmoja aliyekuwa mle tumboni.

Nikiwa mtoto sehemu hii ndiyo niliyoichukia. Ushindi umekamilika, dunia nzima imeokoka, halafu sikio! Kwa nini bibi huyu aje kuharibu sherehe? Na anaharibu kweli: anakasirika, anamkusudia Masala kwa uchawi. Lakini kwa bibi yangu hadithi haikuishia hapo. Masala alitafuta dawa, akalitibu sikio la yule bibi likapona, na baada ya hapo ndipo watu walipomfanya mtawala. Mtoto unaondoka ukiwa umejua mambo mawili kwa mpigo: kwamba anayeokoa watu wote anaweza kumuumiza mmoja, na kwamba huyo mmoja anadaiwa dawa kabla ya sherehe kuendelea. Nimesoma vitabu vinene vya maadili ambavyo havijafika hapo.

Mwaka juzi niliisikia hadithi hiyohiyo kilabuni, kutoka kwa mzee mmoja ambaye kwa kipaji sidhani kama yupo anayemfikia upande wetu. Anasimulia kwa mwili mzima. Akiwa panzi, ni panzi. Lile tumbo la zimwi alilifanya kwa kulivuta koti lake. Watu walicheka mpaka wauza samaki wakaacha biashara wakaja. Akafika kwenye sikio, akatoa sauti ya yule bibi, kali, ya puani, akilaani. Kicheko kikubwa kuliko vyote. Na akakatia hapo. Hakuna dawa, hakuna kupona. Alinyanyua kopo, akafuta mdomo, akasema: "Ndio hawa tulionao mpaka leo. Dunia nzima imeokolewa, yeye analilia sikio. Si mnamjua yule wa kule juu, penye mwembe?"

Jina hakulitaja. Hata kosa la kisarufi hakulifanya. Lakini penye mwembe kule juu kuna nyumba ngapi?

Hadithi ilikuwa imeanza kama hadithi, na kwa sentensi mbili ikawa habari. Ile "uongo njoo" ingekuwepo mwanzoni, nadhani asingeweza kuvuka mpaka ule kirahisi namna ile. Mkataba ungemzuia, au angalau sisi tungesikia kwamba ameuvunja. Na kilichomwezesha kuvuka ni kile alichokikata zaidi ya kile alichokiongeza. Kuongeza ni haki ya msimulizi. Atake zimwi liwe na vichwa saba, liwe. Lakini dawa ya sikio ilikuwa mali ya bibi, na aliiondoa kwa sababu kicheko kilikuwa kikubwa zaidi bila hiyo.

Mama mwenye kilabu alikuwa anapita na kopo. Hakusimama. "Baba," alisema, "hapa kwangu watu hawatajwi. Una neno na mtu, mwenyekiti wa kitongoji yupo, nenda kamwambie." Mzee akacheka, akasema yeye hajataja mtu. "Mwembe umeutaja," mama akajibu, na akaendelea kumimina.

Hapa naomba nivuke bahari kidogo, kwa sababu kuna nchi ambayo ulimwengu mzima unaisifia kwa jambo hilihili la kilevi na hadithi. Ireland. Mtalii akifika Dublin anaonyeshwa baa na kuambiwa kwamba hapa ndipo hadithi za kale zinapoishi. Ukisoma historia yao unakuta mambo yanayofanana na yetu kupita kiasi. Hadithi zao ndefu zilikuwa za majumbani, za usiku wa baridi, watu wamekusanyika kwenye nyumba ya jirani fulani kando ya moto wa mboji. Mmoja wa wasimulizi wao wakubwa, Peig Sayers, aliyeishi kisiwa cha Blasket na kufa 1958, alikuwa mwanamke aliyesimulia nyumbani, na mamia ya visa vyake yaliandikwa kutoka kinywani mwake. Baa za vijijini zilikuwa za wanaume. Kwa hiyo na kule moto ulihama, na nadhani bibi aliachwa nyuma vilevile.

Wenzetu walifanya jambo moja ambalo naliwaonea wivu. Mwaka 1935 serikali yao iliunda Tume ya Ngano, na kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 walitumwa kwenda kuwauliza wazee wao na kuandika kwenye madaftari. Sisi tuna Bujora, pale Kisesa, wilayani kwetu, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada. Inafaa kushukuru, na inafaa pia kuuliza kwa nini shule zetu zisipewe kazi kama ile wakati bibi wachache bado wapo. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Nilichokifuata Ireland ni kitu kingine. Wao wanatofautisha wasimulizi wa aina mbili. Yupo scéalaí, wa ngano ndefu za mashujaa na maajabu, ambaye anayemsikiliza anajua yuko kwenye ngano. Na yupo seanchaí, wa habari za mahali: koo, mizimu ya mlima huu, majini ya kilima kile, nani alipotea wapi. Huyu wa pili anasimulia kama habari ya kweli. Msimulizi wa kilabuni kwetu ni seanchaí.

Machi 1895, katika kijiji cha Ballyvadlea, mkoa wa Tipperary, mwanamke wa miaka 26 aliyeitwa Bridget Cleary, fundi cherehani, aliugua. Imani ya huko ilikuwa kwamba majini humchukua mtu na kuacha mfano wake mahali pake, na kwamba mfano huo unafukuzwa kwa dawa chungu na kwa moto. Miongoni mwa waliokuja kumwona alikuwepo Jack Dunne, jamaa wa baba yake, mzee aliyesifika kijijini kwa visa vya majini na elimu yake ya mambo hayo. Yeye ndiye aliyemwangalia mgonjwa na kusema kwamba huyu si Bridget. Siku chache baadaye mume wake, Michael Cleary, alimchoma moto ndani ya nyumba yao, ndugu zake wakiwemo mlemle. Cleary alihukumiwa miaka 20, akatumikia 15. Dunne naye alifungwa, kwa muda mfupi zaidi.

Kinachonishtua si mume. Waume wanaoua wake zao wapo kila nchi, na hawahitaji hadithi ili kuua. Kinachonishtua ni wale wengine: baba mzazi, shangazi, binamu. Watu wazima waliojaa nyumba, waliompenda, na hawakumwokoa. Kilichowafunga mikono ni hadithi waliyokuwa nayo kichwani tangu utotoni, inayosema kwamba anayelia pale kitandani si yeye.

Mjadala huu nimeufanya na watu wengi, na pingamizi kubwa ni hili: panga ndilo linaloua, mdomo haujawahi kuua mtu. Tena wanaongeza, na ni kweli, kwamba ukichimba mauaji mengi ya vikongwe unakuta shamba, unakuta ng'ombe wa urithi, unakuta mtoto anayetaka kuuza kiwanja na mama yake hataki kufa. Uchawi ni koti tu. Na mganga aliyetaja ukoo fulani kwa ramli ana dhambi kubwa kuliko mzee mlevi anayechekesha watu jioni.

Nakubali kwamba uchawi ni koti. Lakini koti hilo limeshonwa na nani? Mwanaume anayetaka shamba la mama yake hawezi kumuua kijiji kizima kikiwa kimeamka. Anahitaji majirani wanaosikia kelele usiku na kugeukia upande wa pili wa kitanda. Anahitaji asubuhi watu waseme "aa, yule" na waendelee na palizi. Ukimya huo haununuliwi usiku mmoja. Unajengwa taratibu, kicheko juu ya kicheko, jioni nyingi, na watu ambao hawana shamba wanalolitaka na hawajawahi kumgusa mtu. Mzaha mzaha, hutunga usaha. Simwiti mzee yule muuaji, na nitamkatalia atakayemwita hivyo. Namwita mtu aliyechangia kwenye akiba bila kujua nani atakuja kuitoa.

Sheria inalijua hili kwa namna yake. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza 1928 na ambayo bado tunayo, haimgusi tu anayejidai mchawi. Inamgusa na anayemtaja mwenzake. Waliotunga walijua hatari inaanzia kwenye kutaja. Ila sheria inakamata jina, haiwezi kukamata mwembe. Hakuna hakimu atakayemfunga mtu kwa kutaja mti. Mama mwenye kilabu aliweza.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi kwa sababu linatoka kwa watu wa fasihi, wenzangu. Wanasema: ukianza hivi utaishia kuzisafisha hadithi zote, utoe wachawi, utoe fisi, utoe sikio, ubakize zile za vitabu vya darasa la pili ambamo kila mnyama anajifunza kushirikiana. Hapana. Mimi nataka bibi abaki kwenye hadithi na hasira yake yote. Bibi asiye na hasira baada ya kukatwa sikio ni uongo mbaya kuliko zimwi. Ninachokidai ni kwamba apewe na nusu yake ya pili, na kwamba hadithi iweze kusimuliwa akiwa ameketi pale. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia siku hizi nikisikiliza, na hata nikiandika: je, kisa hiki kingesimulika hivi hivi kama angekuwepo kwenye benchi? Visa vingi vinapita. Vya uchafu vinapita, vya ulevi vinapita, hata vya wachawi vingi vinapita. Kile cha mwembe hakipiti.

Na mtu asifikiri kipimo hicho kinaua utamu. Nina mjomba wangu, mlevi wa kujivunia, ambaye visa vyake vyote ni vya uchawi. Mnajua kwetu inaaminika wachawi wanafuga fisi na kuwapanda usiku. Basi yeye anasimulia kwamba usiku mmoja, akitoka kunywa, alisimama kando ya barabara ya vumbi akiwa hoi, akaona mwanga wa macho mawili, akapunga mkono akijua ni bodaboda. Ikasimama. Akapanda nyuma, akataja nyumbani kwake, wakaondoka. Njiani akashangaa injini haisikiki. Akasema moyoni, pikipiki za siku hizi za umeme. Akapapasa kiti akakuta kina manyoya. Akasema, huyu kijana ameweka na ngozi ya kondoo, mambo mazuri. Walipofika akashushwa salama mlangoni, akaombwa shilingi elfu mbili, akalia bei, wakakubaliana elfu moja. Alipogeuka kuingia ndani ndipo akasikia ile pikipiki inacheka.

Kilabu kizima kilikuwa chini. Mama mwenye pombe alikuwa amekaa kwenye ndoo anajifuta macho kwa kanga. Nikasubiri kelele zitulie, nikamuuliza, "Sasa mjomba, dereva alikuwa nani?"

"Ningemjuaje, mpwa wangu?" akasema. "Alikuwa amevaa helmeti."